Fundi Mashavu na Upasuaji wa Leza

Watu wa Mkata walizoea kumwona Fundi Mashavu akivua miwani ili aone. Wageni walishangaa. Wao walijua mtu huvaa miwani ndipo aone. Lakini Mashavu alikuwa hivyo tangu usichana wake. Vitu vya mbali aliviona kama vimefunikwa na moshi. Vitu vya karibu aliviona vizuri kabisa. Akitaka kutazama barabara, alivaa miwani. Akitaka kutunga uzi kwenye sindano, aliivua, akasogeza sindano karibu na pua, na uzi ukapita mara moja.

Cherehani yake ilikaa barazani, mbele ya nyumba, karibu na barabara kuu ya mabasi. Zamani alishona magauni mapya na sare za shule. Kisha biashara ya mitumba ikaruhusiwa. Marobota yakamwagwa kando ya barabara, na watu wakaacha kununua vitambaa vya jora. Mafundi wawili wa jirani waliuza cherehani zao. Mashavu hakuuza ya kwake. Alibadilisha kazi. Akawa anapunguza viuno vya suruali, anakunja mapindo, anafumua makoti na kuyashona upya.

"Mtu akinunua suruali ya Mzungu mnene, ataipeleka kwa nani kama si kwangu?" alikuwa akisema.

Kazi ya kufumua inataka macho. Nyuzi za viwandani ni ndogo, na ukikosea kidogo unachana nguo ya mtu. Mashavu alikuwa amekwisha vuka miaka hamsini. Wanawake wa rika lake walikuwa wakimletea sindano zao awatungie uzi, maana wao hawakuona tena tundu. Hata mumewe Mwinjuma, mkulima wa mahindi na mihogo, alikuwa hivyo. Yeye alimwona ndege juu ya mti wa mbali, lakini maandishi ya kwenye kichupa cha dawa aliyanyooshea mkono mpaka mkono ukaisha. Akichomwa na mwiba shambani, alirudi na kidole chake kwa mkewe. Mashavu aliushika mkono ule mgumu, akavua miwani, akautoa mwiba. Mwinjuma akasema ahsante kama mtoto.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyelifikiria sana jambo hilo.

Siku moja akaja Salaash, mfugaji kutoka upande wa nyika. Alikuwa mteja wa zamani na rafiki wa nyumba. Alileta koti lake lililochanika bega. Mashavu alikuwa amevua miwani ili afanye kazi, akaiweka kwenye benchi. Salaash aliketi. Wote wawili wakasikia sauti ya kitu kuvunjika.

Salaash aliinuka polepole. Vioo vilikuwa vimepasuka vyote, na fremu imekatika katikati. Mzee wa watu aliona haya sana. Mashavu akamwambia asijali, kosa ni lake aliyeweka macho yake mahali pa kukalia. Walicheka. Akamaliza koti siku ileile, maana kwa kushona hakuhitaji miwani.

Lakini jioni alitaka kununua mafuta ya taa ng'ambo ya barabara. Njia ile aliijua kwa miguu. Alisimama, akatazama upande wa Segera, akaona moshi wake wa kila siku. Akatazama upande wa pili. Akaona weupe, akadhani ni ukuta wa duka. Akaingia barabarani.

Weupe ule ulikuwa basi.

Honi ililia, breki zikapiga kelele, wauza matunda wakaacha mabeseni yao wakakimbia. Mashavu alisimama katikati kama aliyepigwa msumari. Basi lilisimama karibu naye kiasi kwamba alisikia joto la injini usoni. Mwinjuma alikuwa anarudi kutoka shamba. Aliona yote kutoka mbali, kwa yale macho yake mazuri ya mbali, na hakuweza kufanya lolote. Alipomfikia mkewe, alimshika mkono, akamvusha, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.

Habari ikamfikia binti yao. Zuena, kitinda mimba, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam katika duka la simu za mkononi. Alipata basi la kwanza akaja Mkata.

Zuena alikuja na wazo. Alikuwa amesikia redioni tangazo la hospitali moja ya binafsi huko Nairobi. Wanapasua macho kwa miali ya mwanga iitwayo leza. Mtu anaingia na miwani, anatoka bila miwani. Hakuna kisu. Hakuna kulazwa. Mfanyakazi mwenzake, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameenda, na sasa anaona kila kitu. Zuena alikuwa ameweka akiba na alitaka kuitumia yote kwa mama yake.

Mashavu alimwambia kuwa akiba hiyo ni ya maisha yake. Zuena akainamisha kichwa.

"Mama, nilipokuwa sekondari ulivaa miwani yenye ufa kwa miaka yote ile," alisema. "Ulisema umeuzoea ufa. Mimi nilijua kwa nini hubadilishi. Sasa niache na mimi nifanye kitu."

Usiku ule Mashavu alilala akiwaza. Alijiona anavuka barabara bila kuogopa. Alijiona anamtambua mtu kutoka mbali kabla hajaitwa jina. Aliuona uso wake ulivyokuwa kabla ya alama mbili za miwani kuchimbika puani.

Kesho yake Salaash alikuja kuuliza hali. Aliposikia habari za upasuaji, alifurahi. Yeye mwenyewe alikuwa amepasuliwa macho mwaka uliopita. Kabla ya hapo alikuwa akishikwa mkono na wajukuu.

"Nenda tu, mama Zuena," alisema. "Mimi niliogopa bure. Sasa naona mbuzi wangu akiwa upande ule wa korongo, na namjua ni yupi."

Basi Mashavu akaona jambo limekwisha. Mtu mmoja tu hakuwa amesema kitu. Mwinjuma alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Moyoni aliogopa. Alifikiri: je, wakikosea? Jicho si suruali, kwamba litafumuliwa. Lakini hakutaka kumkatisha tamaa mkewe, wala kumvunja moyo binti yake. Mwishowe akasema kwamba yeye hakatai. Anaomba kitu kimoja. Kabla ya kwenda Nairobi, mama Zuena apimwe kwanza hapa karibu, na mtu anayejua macho. Akiambiwa nenda, yeye atamsindikiza mpaka kwenye basi.

Zuena alikubali. Wakati ule wataalamu wa macho walikuwa wakija Korogwe kila mwezi, na siku yao ilikuwa karibu.

Walikwenda wote watatu. Walipanda basi la asubuhi, wakapita Segera, wakafika Korogwe jua likiwa bado halijawa kali. Nje ya chumba cha macho palikuwa na foleni ndefu. Wazee wengi walikuwa wamekuja na watoto wao.

Mtaalamu aliyekuwa akipima aliitwa Yuditha. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, kwao Handeni kwenye nyanda za wafugaji. Aliwaamkia shikamoo, akawaketisha, akaanza kuuliza. Maswali yake hayakuwa ya haraka. Mama anafanya kazi gani? Miwani aliivaa tangu lini? Ana kisukari? Kuna mtu wa ukoo aliyepofuka kwa presha ya macho? Macho yanawasha au kukauka? Kuna dawa anazotumia?

Kisha akampima. Alimsomesha herufi ukutani. Alipima presha ya macho. Alimwekea matone ya kupanua mboni, akangoja, akamulika ndani ya macho kwa taa ndogo kwa muda mrefu. Baada ya matone yale Mashavu aliona mwanga mkali sana na kila kitu kikawa na ukungu. Yuditha alimweleza kwamba hali hiyo huisha baada ya saa chache, na ndiyo maana mtu anayekuja kupimwa macho hivi aje na mwenzake wa kumrudisha.

Walingoja nje mpaka ukungu ukapungua. Mchana wakaitwa tena.

"Mama, macho yako ni mazima," Yuditha alisema. "Hayana presha, hayana kisukari, wala mtoto wa jicho. Tatizo lako ni la kutoona mbali tu. Sasa niambie, nini kimekuleta?"

Zuena akaeleza habari za leza. Mashavu akaongeza habari za Salaash.

Yuditha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza na Salaash. Alisema kwamba, kwa maelezo yale, mzee yule hakufanyiwa leza. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Uzeeni lenzi hiyo inaweza kuwa na ukungu, na ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Daktari aliitoa ile lenzi yenye ukungu, akaweka lenzi mpya. Huo ni upasuaji mzuri na umewafungua macho wengi, lakini ni wa ugonjwa mwingine. Mama hana ugonjwa huo.

"Na leza?" Zuena akauliza.

Yuditha alieleza kwamba mbele kabisa ya jicho kuna kioo chembamba, angavu. Kinaitwa konea. Kwa leza, daktari hukichonga kioo hicho kidogo sana, kikapata umbo jipya, na mtu akaona mbali bila miwani. Tangazo halikudanganya. Kwa watu wengi, hasa vijana ambao macho yao yametulia, kazi hiyo huenda vizuri. Hata mtu wa makamo anaweza kufanyiwa, kama konea yake ni nene ya kutosha na macho yake hayakauki sana. Wengine hubaki na ukavu wa macho, au huona taa za usiku zikiwa na duara la mwanga. Hayo yote huulizwa na kupimwa kwanza.

"Lakini tangazo halikukuuliza umri wako, mama," akasema. "Wala halikukuuliza kazi yako."

Akafungua kisanduku cha vioo. Akachukua fremu nzito ya chuma, akaingiza kioo kimoja kila upande, akamvisha Mashavu. Akamwambia asimame dirishani.

Mashavu alisimama. Kule nje ulikuwepo mti, na mti ulikuwa na majani, kila jani peke yake. Nyuma ya mti yalikuwepo mapaa ya mabati. Nyuma ya mapaa ilisimama milima ya Usambara, na juu yake aliona mistari ya mashamba na nyumba ndogo. Tangu lini milima ile ilikuwa na nyumba? Miwani yake iliyovunjika ilikuwa imepitwa na macho yake tangu zamani, naye hakujua.

"Hivyo ndivyo utakavyoona baada ya leza, ikienda vizuri," Yuditha alisema.

Zuena alitabasamu. Mwinjuma pia alitabasamu, lakini kwa shida.

"Sasa kaa," Yuditha akasema. "Usivue."

Akampa sindano na uzi.

Mashavu alishika sindano kama alivyoishika maisha yake yote. Akaisogeza karibu na pua. Sindano ikatoweka katika ukungu. Akaisogeza mbali kidogo. Akaona chuma, hakuona tundu. Alijaribu kwa kubahatisha, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Akanyoosha mkono, kama mumewe afanyavyo na kichupa cha dawa. Mkono wake ukaenda kwenye fremu.

"Usivue, mama," Yuditha alimkumbusha kwa upole. "Baada ya leza hakuna cha kuvua."

Mashavu alitazama uzi uliokuwa vidoleni, ambao hakuuona sawasawa, na machozi yakamlenga. Mikono ile ilikuwa imelisha nyumba na kusomesha watoto. Ghafla ikawa kama mikono ya mtu mwingine.

Yuditha alimvua fremu taratibu. Mara tundu la sindano likarudi, wazi, kubwa. Mashavu akatunga uzi mara moja.

Ndipo Yuditha akaeleza sababu. Mtu akivuka miaka arobaini na kitu, lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa. Haiwezi tena kujikunja ili ione karibu. Ndiyo maana watu wa rika hilo hunyoosha mikono wakisoma. Jambo hilo humpata kila mtu, hata yeye mama limempata. Yeye hajalijua kwa sababu ana macho ya karibu, na kila akivua miwani anaona anachokishona. Leza huchonga kioo cha mbele. Hailainishi lenzi ya ndani. Ikimpa macho ya mbali, itamwondolea macho ya karibu, na atahitaji miwani ya kusomea kila anapogusa sindano.

"Wewe ni fundi, unajua," alisema. "Kitambaa kikikatwa hakirudi kuwa jora."

Zuena aliuliza kama hakuna njia ya kati. Yuditha akasema ipo. Wapo wanaochonga jicho moja lione mbali na kuacha jingine lione karibu. Baadhi ya watu huzoea. Lakini mtu asikubali kabla ya kujaribu. Akaweka kioo upande mmoja tu wa fremu, akamtuma Mashavu atembee uani na mumewe, ashuke na kupanda ngazi. Alirudi akisema kichwa kinamzunguka. Alipojaribu kufumua mshono wa leso, mkasi uligusa mahali pasipo uzi. Yuditha alisema wengine huzoea baada ya siku kadhaa, ila kwa kazi ya mkasi na sindano hatamshauri akimbilie.

Mwinjuma akauliza kama mkewe akingoja atakuwa amechelewa.

Yuditha alisema hapana. Macho haya hayaharibiki kwa kungoja. Tena pengine baadaye, uzeeni, mama atapata mtoto wa jicho kama wengi wanavyopata. Siku hiyo daktari atamwekea lenzi mpya, na atamuuliza kama anataka ione mbali au karibu. Konea ikiwa imechongwa kwa leza zamani, kuchagua lenzi hiyo huwa kugumu zaidi, ingawa huwezekana.

"Uamuzi ni wako, mama," alimaliza. "Ungekuwa na miaka ishirini na mitano, au ungekuwa dereva, pengine tungezungumza mengine. Mimi nimekuonyesha utakachopata na utakachopoteza."

Mashavu hakungoja kurudi nyumbani ndipo aamue. Alisema hataki leza. Alilisema bila huzuni. Kisha akamtazama Zuena. Macho ya binti yalikuwa yamejaa machozi, kama mtu aliyeleta zawadi ikarudishwa mlangoni.

"Zuena, mwanangu, hukukosea," alimwambia. "Kama usingeleta habari ya Nairobi, nisingekuja Korogwe. Ningenunua miwani yoyote ya barabarani, nikaendelea kuona moshi. Sasa ninunulie kitu ninachokihitaji. Ninunulie miwani miwili. Mmoja ukivunjika, nisiingie tena barabarani nikidhani basi ni ukuta."

Zuena alijifuta machozi, akacheka. Akauliza kama wanaweza kutengeneza mitatu.

Yuditha akaandika kipimo kipya. Alimweleza Mashavu kuhusu miwani ya sehemu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa karibu, lakini Mashavu alipenda ya kawaida, yenye kamba ya shingoni, ili akiivua ibaki kifuani na si kwenye benchi. Kisha Yuditha akamwonya jambo moja. Watu wasioona mbali, wawe na miwani au wamefanyiwa leza, wako katika hatari zaidi ya kuchanika retina, utando ulio ndani kabisa ya jicho, upande wa nyuma. Akiona ghafla cheche za mwanga, au madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kama pazia linashuka, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo. Pasipokuwa na hayo, arudi kupimwa kila mwaka.

Walipokuwa wanaaga, Yuditha akamwomba Mwinjuma naye aketi kidogo. Mwinjuma akasema yeye macho yake mazima, amemsindikiza mkewe tu. Yuditha akampa kipande cha gazeti asome. Mwinjuma akanyoosha mkono mpaka ukaisha. Zuena na mama yake wakatazamana. Alitoka pale na miwani ya kusomea mfukoni, na katika basi aliitoa akasoma tiketi mbele na nyuma, kila neno.

Miwani ya Mashavu ilichukua muda kuja. Wakati huo hakuvuka barabara peke yake. Mwinjuma alimvusha asubuhi na jioni, na Salaash, ambaye bado aliona haya, alimletea maziwa. Mashavu alimweleza tofauti ya mtoto wa jicho na leza. Salaash akasikiliza kwa makini, akaenda kuwaeleza wenzake nyikani. Baadaye alimpeleka Korogwe dada yake, ambaye watu walikuwa wamesema ni uzee tu na hauna dawa. Alikuwa na mtoto wa jicho. Alipasuliwa, akaona.

Siku miwani ilipokuwa tayari, Mwinjuma alikuwa na kazi shambani. Mashavu alikwenda Korogwe na jirani yake Mwantumu. Alivaa miwani mmoja palepale, wa pili akautia mkobani. Katika basi la kurudi aliomba kukaa dirishani. Mwantumu alisinzia. Mashavu hakusinzia. Alisoma kila kibao. Segera aliwaona wauza machungwa tangu wakiwa mbali, akamwona mmoja aliyevaa shati lililopunguzwa mikono, akajua kwa mshono kwamba ni kazi yake.

Basi lilipokaribia Mkata, alimwona mtu amesimama kando ya barabara. Alikuwa amevaa kofia, jembe begani, na alikuwa akitazama kila basi linalokuja. Zamani Mashavu angengoja mtu yule aite ndipo amjue. Leo alimjua kabla basi halijapunguza mwendo. Aliona pia kitu kingine. Weupe wa ndevu za mumewe aliuona kutoka mbali vile, na wa nyusi pia. Alikuwa amelala kando ya uso ule miaka yote, gizani, au ameutazama kupitia kioo chenye ufa, na hakuwahi kumwona hivi, mzima, amesimama kwenye mwanga, akimngoja.

Alishuka. Mwinjuma akanyoosha mkono amvushe, kama alivyozoea siku zile.

"Naona barabara," Mashavu alisema. "Hakuna gari upande huu, wala upande ule."

Lakini mkono aliushika. Wakavuka pamoja, polepole, bila haraka yoyote.